Wageni 250, printa ya wino na dhahabu inayogoma: kadi za harusi za kujichapia

"Habari za kazi, fundi. Ninaolewa mwezi wa kumi na mbili hapa Mwanza, ukumbi tumeshalipia na wageni ni 250. Kamati imeniletea bei ya kadi kutoka kiwanda cha uchapaji, nikaona hiyo hela bora iende kwenye chakula. Kaka yangu ana printa ya wino, ile ya kujaza kwenye matangi. Nikanunua karatasi za kung'aa, nikajaribu mwenyewe dizaini niliyotengeneza kwenye simu: kadi yote rangi ya damu ya mzee, maandishi ya dhahabu. Wino haukukauka, hadi kesho yake ulikuwa unatoka kwenye vidole, na dhahabu ikatoka hudhurungi. Je, printa ni mbovu? Ninunue wino wa dhahabu? Mmoja ananiambia nitafute karatasi nzito kabisa ili kadi ionekane ya gharama, mwingine anasema karatasi zimepitwa na wakati, nitume kwa WhatsApp tu. Ndugu wengine wako Ukerewe na Sengerema. Sitaki watu waseme ni harusi ya kuungaunga."

Dada, hongera kwanza. Nianze na linalokuumiza: kwa maelezo haya printa ya kaka yako ni nzima. Imepewa karatasi isiyo yake, halafu ikaombwa rangi ambayo hakuna printa ya nyumbani inayoweza kuitoa. Yote mawili yanarekebishika bila kununua mashine wala wino mpya. Na hilo la kuungaunga lisikukoseshe usingizi. Kadi huonekana ya kuungaunga kwa kingo zilizokatwa na mkasi na jina la baba mkwe lililokosewa, mara chache sana kwa bei ya karatasi.

Wino wa printa ya aina hiyo kwa sehemu kubwa ni maji yenye rangi. Kichwa cha printa hurusha vitone vidogo mno, na karatasi ndiyo inayotakiwa kuvinywa. Karatasi ya kawaida ya kutolea kopi huvinywa kwa sababu nyuzi zake ziko wazi. Karatasi za kung'aa ziko za namna mbili, na dukani zinakaa rafu moja. Muuzaji mwenyewe wakati mwingine hazitofautishi. Ipo ya picha, iliyotengenezwa kwa ajili ya printa za wino, ambayo upande mmoja umepakwa tabaka linalonyonya. Halafu ipo ile wanayochapia kalenda na vipeperushi, iliyopakwa udongo mweupe laini na kusuguliwa mpaka ikang'aa. Hiyo ni ya mashine za kiwandani na za tona. Wino wako ukitua juu yake hauna pa kuingia, unabaki juu juu ukisubiri kidole.

Kuijua ni rahisi. Loanisha ncha ya kidole kidogo tu, gusa pembe ya karatasi kisha inua taratibu. Upande unaonyonya hunata kwenye kidole, unausikia kabisa ukiachia. Upande usionyonya unateleza. Pande zote mbili zikiteleza, hiyo si karatasi ya printa ya kaka yako, irudishe kama watakubali. Ikinata upande mmoja tu, huenda karatasi ilikuwa sahihi ila uliiweka kinyume.

Hapo niweke onyo moja. Ukigundua ni ya picha, usiibebe kwenda nayo steshenari ikachapwe kwenye mashine yao kubwa ya kopi. Mashine hizo hazitumii wino wa maji, zinatumia tona, na tona ni unga wa plastiki. Unga unapangwa juu ya karatasi, kisha karatasi inapita kwenye roli za moto unaokaribia nyuzi 200 za Sentigredi ili unga uyeyuke na kushika. Lile tabaka la kunyonya wino likikutana na moto huo linaweza kuyeyuka nalo na kuganda kwenye roli. Ukarabati wake unazidi bei ya kadi zako zote, na atakayeulizwa ni wewe uliyeleta karatasi.

Sasa dhahabu. Printa ya kaka yako ina wino wa aina nne: bluu inayoelekea kijani, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Kila rangi unayoiona kwenye karatasi imechanganywa kutokana na hizo. Dhahabu haichanganywi, kwa sababu unachokipenda kwenye dhahabu ni mng'ao, yaani mwanga unaoruka kutoka kwenye chembe za metali. Kwenye simu aliyechora herufi hizo ameuigiza mng'ao kwa kuweka njano hafifu pembeni mwa njano nzito, na mwanga wa skrini unamsaidia. Karatasi haina mwanga wake yenyewe, kwa hiyo kinachobaki ni hiyo hudhurungi uliyoiona. Wino wa dhahabu wa kumimina kwenye tangi usinunue hata ukiuziwa kwa bei ya bure. Matundu ya kichwa cha printa ni madogo kuliko unavyoweza kuyaona, na vumbi la metali litayaziba.

Kama moyo umeng'ang'ania dhahabu, iko njia moja ya kweli isiyohitaji kiwanda. Zinauzwa karatasi nyembamba za rangi ya dhahabu, zinazotengenezwa mahususi kushika kwenye tona. Unachapa maandishi kwa tona nyeusi kwenye mashine ya steshenari, unalaza ile karatasi ya dhahabu juu yake upande unaong'aa ukitazama juu, kisha unapitisha vyote pamoja kwenye mashine ya kulaminishia iliyopata moto vizuri. Tona inalainika tena, inanata na ile dhahabu. Ukibandua, dhahabu inabaki kwenye herufi tu. Inapendeza mno. Lakini haifanyi kazi kwa wino wa maji, maana hakuna plastiki ya kulainika, na karatasi zenyewe hazipo kila duka, kwa hiyo zipate mkononi kwanza kabla ya kuitangazia kamati. Mimi ningeitumia kwa majina yenu mawili tu, kadi nzima ikibaki ya kawaida.

Damu ya mzee ya kufunika kadi yote ndiyo nakuomba uiache kabisa. Watengenezaji wa printa wanapokuambia chupa au katriji itachapa kurasa kadhaa, kwa kawaida wanahesabu ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 hivi, yaani barua ya maneno machache. Wewe unafunika karibu asilimia 100, tena kwa waridi, njano na nyeusi kwa mpigo, maana damu ya mzee inapatikana kwa kuzichanganya hizo. Karatasi inalowa, inajikunja, na ukiikunja kadi katikati unatokea mstari mweupe pale wino ulipopasuka. Halafu bado printa hiyo haiwezi kufika ukingoni mwa manila. Itakuachia mkanda mweupe wa milimita chache kuzunguka kadi, na hapo ndipo mtu anajua mara moja kuwa imechapwa nyumbani.

Geuza mpango: rangi uinunue, maandishi uyachape. Nunua manila yenyewe ya damu ya mzee, iwe ganda la nje ama mkanda wa kuizunguka kadi. Ndani weka karatasi nyeupe au ya krimu, maandishi meusi au hata ya damu ya mzee. Kwa herufi peke yake wino unaotumika ni kidogo sana. Usijaribu kuchapa maandishi meupe au ya njano juu ya manila nyeusi au nyekundu. Printa haina wino mweupe, cheupe unachokiona siku zote ni karatasi iliyoachwa wazi. Kwa kuandika juu ya manila ya giza tumia kalamu ya jeli ya dhahabu, ile nzito. Jina la mgeni likiandikwa kwa kalamu hiyo kwenye ganda la nje, na mtu mwenye mwandiko, dhahabu yako imepatikana bila umeme. Kila familia ina shangazi au binamu wa namna hiyo. Mtafuteni mapema, na mumwekee soda.

Kuhusu uzito, aliyekushauri karatasi nzito kabisa amekupa nusu ya habari. Karatasi ya kopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Kadi inayosimama vizuri mkononi inaanzia kama gramu 200, na ya gramu 300 ni ngumu ya kujivunia, lakini printa nyingi za nyumbani zinapindisha karatasi ndani kabla ya kuitoa, na karatasi ngumu inakwama kwenye kona hiyo au inasukumwa upande. Kitabu cha printa, au tovuti ya mtengenezaji, kinaeleza mwisho wake. Zile zinazopokea karatasi kwa nyuma huvumilia zaidi kuliko zile zenye trei ya chini mbele. Kwako ningeweka gramu 160 hadi 200 kwa ukurasa wa ndani, ugumu uubebeshe ganda la manila ambalo halipiti kwenye printa. Na kabla hujabonyeza chapa, iambie printa umeweka karatasi gani. Sehemu hiyo ya mipangilio watu wanairuka, na ndiyo inayoamua wino kiasi gani umwagwe. Ukiiambia karatasi ya picha huku umeweka manila, itamwaga wino mwingi kuliko manila inavyoweza kunywa.

Kukunja nako kuna siri yake. Nyuzi za karatasi zimelala kwa wingi upande mmoja, na karatasi hukunjika safi ikifuata nyuzi, ikikatisha nyuzi inapasuka. Ishike bila kuikunja, ipinde kidogo kwa urefu kisha kwa upana: upande unaokubali kwa urahisi ndio wa nyuzi. A4 nyingi nyuzi zake zinafuata urefu, kwa hiyo ukiikunja katikati kupata A5, mkunjo unazikatisha. Dawa yake ni kuupiga mstari kwanza. Chukua rula ya chuma na kalamu iliyokwisha wino, vuta mara moja kwa nguvu pale mkunjo utakapokuwa, kisha kunja na usugue kwa mgongo wa kijiko. Fanya kwenye kadi moja na nyingine uikunje kwa vidole tu, uziweke pamoja. Utaona mwenyewe.

Na sisi wa huku ziwani tuna jambo letu. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ni mvua za vuli, na karatasi inavuta unyevu wa hewani kimya kimya. Ikishavuta inavimba, inajipinda pembe, inakwama kwenye printa; kwenye mashine ya tona, maji hayo yanageuka mvuke na karatasi inatoka imejikunja kama mkeka. Nunua karatasi ikiwa kwenye pakiti iliyofungwa, usiifungue mpaka saa ya kuchapa, na inayobaki irudishe kwenye nailoni. Usiihifadhi sakafuni wala ukutani kwa jirani na tangi la maji.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo kuna hela nyingi kuliko kwenye wino. Wageni 250 si kadi 250. Kadi zetu huandikwa Single au Double. Tuseme wana ndoa 90 watakuja wawili wawili, hao ni watu 180 kwa kadi 90. Waliobaki 70 ni wa peke yao. Jumla kadi 160. Ukiongeza kumi kwa mia kwa ajili ya zitakazoharibika na wale wanaokumbukwa wiki ya mwisho, ni 176. Kadi bapa ya A5 inatoka mbili kwenye A4 moja, kwa hiyo unahitaji karatasi 88. Ukikubali A6 zinatoka nne, karatasi 44 zinamaliza kazi. Kadi ya kukunjwa ya A5 inakula A4 nzima kila moja, yaani 176. Kabla hujamuuliza yeyote bei, kaa na orodha na kalamu, mwenzio awepo, muandike D na S mbele ya kila jina. Katika harusi nyingi hakuna aliyekwisha kuifanya kazi hiyo wakati kamati inakwenda kuulizia bei, na kiwanda kinapigiwa hesabu ya vichwa badala ya kadi.

Bei ya kiwanda nayo haikuwekwa kukuonea. Kama wanachapa kwa ofseti, lazima watengeneze bamba kwa kila rangi na waitayarishe mashine, na gharama hiyo ni ileile uchape kadi mia au elfu. Ukiwa na kadi 1,000 inagawanyika hadi haionekani. Kwenye 176 inakuelemea. Kwa idadi yako kuna njia ya katikati ambayo mimi naipenda kuliko kujichapia kila kitu: dizaini utengeneze wewe, kuchapa kufanyike kwenye mashine ya tona ya steshenari nzuri, kukata kwa giloti yao, yaani mashine ya kukatia karatasi, kukunja na kupamba mfanye nyumbani. Tona haiogopi tone la maji, na kwa kadi zitakazosafiri kwa meli kwenda Nansio hilo si jambo dogo. Wino wa maji wa printa nyingi ukipata tone la mvua unatambaa. Printa ya kaka itumie kwa majaribio ya dizaini, kadi za mchango, na nyongeza za dakika za mwisho.

Hizo nyongeza ndizo zinazonifanya nisikukatishe tamaa ya kujichapia. Kwa desturi yetu kadi inatoka kwa aliyekamilisha mchango, na wewe unajua mchango wa Mtanzania unakamilika lini. Aliyechapa kiwandani mwezi mmoja kabla anabaki na kadi za watu ambao hawakutoa, huku akiwatafutia kadi waliotoa juzi. Wewe unaweza kuchapa 120 za kwanza, ukaongeza kumi kumi kadiri mweka hazina anavyokuletea majina. Acha nafasi ya nukta nukta ya jina, liandikwe kwa mkono. Na hii ni sababu nyingine ya kuikimbia karatasi ya kung'aa: kalamu ya wino haishiki juu yake, jina la mgeni linafutika kabla hajafika mlangoni.

Lakini kadi hiyohiyo ni tiketi. Mlangoni watu wa ukumbi wanahesabu sahani, na kadi nyeusi na nyeupe iliyochapwa kwa mashine ya mtaani inaweza kutolewa kopi mtaa wa pili. Usiniambie hao watu hawapo. Kwa hiyo kila kadi ipe namba, kwa mkono au kwa muhuri wa namba, na daftari moja liwe na namba, jina, S au D, na simu. Namba ikishaingia ukumbini inapigwa mstari. Ikija ya pili, mwenye daftari anajua. Ukiongeza kitu kisichotoka kwenye kopi, kama ile kalamu ya dhahabu au muhuri wa rangi wenye herufi za majina yenu, umemaliza. Kopi ya dhahabu inatoka kijivu au kahawia, kwa sababu ileile iliyokusumbua wewe.

Kabla ya kufunga dizaini, nenda ukanunue bahasha. Wengi wanaanza na kadi kisha wanazunguka mji mzima kutafuta bahasha ya kuitosha. Kadi ya A6 ina milimita 105 kwa 148, nayo inaingia kwenye bahasha ya C6 yenye 114 kwa 162. A5 inataka C5, ambayo ni 162 kwa 229. Ile bahasha ndefu ya ofisi, 110 kwa 220, inachukua A4 iliyokunjwa mara tatu, na kadi ndefu nyembamba ndani yake inapendeza kuliko watu wanavyodhani. Unaweza pia kuachana na bahasha kabisa: ganda la manila likifungwa kwa utepe wa satini linatosha. Utepe huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji.

Usikate kwa mkasi. Hata fundi cherehani mwenye mkono wake hakati kadi 160 zikalingana. Ukikata nyumbani, tumia kisu cha karatasi chenye wembe mpya na rula ya chuma, chini uweke kioo au ubao, upite mara mbili tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Giloti ya mchapaji inakata rundo zima kwa muda mfupi na malipo yake ni madogo, kwa hiyo hapo usibane matumizi. Wachoree alama ndogo za kukatia kwenye pembe, na kama kuna rangi au ua linalogusa ukingo, lipitilize nje ya mstari kwa milimita 3 ili kisu kikiyumba isionekane nyeupe.

Faili lako litoke kwenye simu likiwa PDF. Ukipeleka la Word, kompyuta ya steshenari isipokuwa na mwandiko (fonti) ulioutumia itaweka mwingine, na mistari itahama. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti. Kwa kadi ya A5 picha iwe na angalau nukta 1,748 kwa 2,480, ndipo herufi zitoke kali. Mwandiko wa kujipindapinda uuweke kwenye majina yenu tu. Mjomba wa miaka 70 anataka kuona saa ngapi na wapi bila kuitafuta miwani ya jirani.

WhatsApp usiidharau, ila usiipe kazi yote. Marafiki wa Dar es Salaam, mliosoma nao, walioko nje ya nchi: kadi ya simu inawatosha kabisa na mtaokoa usafiri. Wazee wa Misungwi na Magu, wazazi wa ubatizo, bosi wako, mchungaji, hao wapewe karatasi mkononi. Kwa Sengerema, siku hizi basi linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, mzigo hausubiri kivuko. Funga kadi zote za huko kwenye furushi moja la nailoni, umkabidhi ndugu mmoja azigawe. Za Ukerewe vivyo hivyo. Tuma picha ya kila kadi kwa mhusika siku ileile, ili hata ikichelewa asiseme hakualikwa. Na zile za simu nazo zipewe namba kwenye daftari lilelile, la sivyo mlangoni mtakuwa na daftari mbili zinazogombana.

Maneno yenyewe yasomwe na watu wanne: wewe, mwenzio, na mzee mmoja kutoka kila upande, wakiwa na karatasi iliyochapwa mkononi, si skrini. Mzee ndiye anayejua kama baba anaandikwa Bw., Mzee au Marehemu, na nani atangulie kati ya familia mbili. Fungueni kalenda mhakikishe Jumamosi mliyoiandika kweli inaangukia tarehe hiyo. Saa muandike kwa neno lake: saa 8 mchana ibada, saa 12 jioni ukumbini. Ukiandika 18:00 pembeni ya saa 8 umewachanganya wote. Kila namba ya simu ya majibu ipigwe kutoka kwenye karatasi ile, muone nani anapokea.

Siku ya kuchapa anza na ukurasa wa kupima matundu ya kichwa, upo kwenye mipangilio ya printa. Mistari ikikatika, safisha kichwa mara moja, hata mara mbili, halafu pumzisha mashine, maana kila usafishaji unamwaga wino. Chapa kumi kwanza. Acha zikauke, kisha sugua moja kwa dole gumba, nyingine idondoshee tone la maji, ya tatu ikunje. Zikivumilia, endelea. Ukimaliza, izime printa kwa kitufe chake, si kwa swichi ya ukutani. Kitufe kinakirudisha kichwa kwenye kifuniko chake kisikauke. Umeme ukikatika katikati, ukirudi tu iwashe na uizime vizuri hata kama umeamua kuendelea kesho.

Ukiona printa inavujisha wino chini, au umesafisha mara tatu na rangi moja bado haitoki, usiendelee kubonyeza. Mpelekee fundi printa aione kabla matangi hayajaisha. Vilevile ukiamua kutumia kadi ya gramu 300, dhahabu ya kweli kwenye kadi yote, au ukijikuta umefika kadi 400 baada ya kuhesabu upya, hiyo si kazi ya sebuleni tena. Nenda kwa mchapaji mwenyewe, si kwa simu, ukiwa na bahasha uliyonunua, kipande cha manila ulichochagua, PDF kwenye fleshi na hesabu ya kadi iliyokwisha kupigwa. Mwambie akuchapie kadi moja kwenye karatasi ileile atakayotumia, uikwaruze kwa kucha. Tona ikibanduka, joto au mpangilio wa karatasi nzito haukuwekwa sawa, arekebishe kabla hujalipa. Na uende asubuhi katikati ya wiki. Ijumaa mchana mwezi wa kumi na mbili utakuta foleni ya wenye harusi za kesho.